Kamera ya kwanza ya mandhari kwa milioni 3.5: fulufremu iache, pesa ipeleke kwenye lenzi na miguu mitatu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu, nafundisha Lushoto. Nimekuwa nikipiga picha za milima na misitu kwa simu, sasa nimedunduliza shilingi milioni 3.5 na nataka kamera ya maana. Napenda hasa mandhari: Irente, msitu wa Magamba, maporomoko ya Soni. Ndege pia nawapenda, na nikipata nafasi nashuka hifadhi ya Mkomazi. Muuza duka mmoja wa Dar ananisukuma nichukue fulufremu (kamera ya kihisi kikubwa) ya mtumba pamoja na lenzi moja ya milimita 50, na hapo pesa imekwisha. Rafiki yangu anasema zama za kamera zenye kioo zimepita, ninunue mpya isiyo na kioo. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kwa bajeti hiyo, usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, ingawa rafiki yako ana hoja kuliko muuza duka.

Ningekushauri utafute Nikon D7200 iliyotumika, ambayo ni kamera ya kioo (DSLR: ndani ina kioo kinachopeleka picha kwenye kijidirisha cha kuchungulia), yenye lenzi ya AF-S DX 16-85mm VR kwa mandhari na AF-S 70-300mm VR kwa ndege na wanyama, halafu tripodi isiyoyumba. Ukikutana na Canon 80D iliyo katika hali nzuri zaidi, ichukue pamoja na EF-S 15-85mm IS na EF-S 55-250mm IS STM, wala usipoteze usingizi kwa tofauti ya majina. Hali ya kifaa utakachokishika mkononi ina uzito kuliko nembo iliyo juu yake.

Kwa nini si fulufremu? Kihisi chake, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, kina milimita 36 kwa 24. Cha D7200 ni 23.5 kwa 15.6. Eneo kubwa hukusanya mwanga mwingi, kwa hiyo chenga utakazoziona kwenye fulufremu ukiwa ISO 3200 (ISO ni kiwango cha kuongeza nguvu ya mwanga uliopokelewa) ni karibu sawa na za kihisi kidogo ukiwa ISO 1600 au pungufu kidogo. Hiyo ni faida ya kweli kwa anayepiga harusi ukumbini usiku. Wewe utakuwa Irente na kamera juu ya tripodi, ISO 100, shata ikifunguka hata sekunde nzima bila tatizo. Hapo faida uliyoilipia huitumii. Na hiyo lenzi ya mm 50 kwenye fulufremu haitakupa upana wa bonde lote chini ya Irente, wala haitamfikia ndege. Muuza duka anakuuzia kilichojaa kabatini mwake.

Kinachohitajika kwenye bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya mandhari ni uwezo wa kuhimili tofauti kubwa ya mwanga. Jioni pale Irente anga inawaka na bonde limeshaanza kuwa giza. Unapiga kwa kulinda anga isiungue, kisha nyumbani kwenye kompyuta unalifunua giza la bonde. D7200, ya mwaka 2015, inafunuliwa vizuri sana kwa faili za RAW (picha ghafi ambazo kamera haijazichakata) za biti 14. Canon za zamani kidogo, kama 600D au 70D, ukizifunua hivyo zinatoa chenga na mistari kwenye sehemu zenye kivuli. 80D ya 2016 ndiyo iliyosahihisha hilo, ndiyo maana nimeitaja hiyo na si ndugu zake wa nyuma. Megapikseli 24 zinatosha: ni pikseli 6000 kwa 4000, ambazo ukichapisha kwa 300 kwa inchi unapata picha ya sentimita 51 kwa 34, kubwa kuliko karatasi ya A3. Anayekutajia megapikseli 48 kwenye kikamera kisicho na jina cha mtandaoni, chenye "zumu mara 16" ya kidijitali, anakutajia pikseli zilizobuniwa na programu. Simu yako inakishinda.

Sasa rafiki yako. Ni kweli Canon na Nikon wamehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo, na kwa ndege zina kitu ambacho D7200 haina: zinamtambua mnyama na kumfuata jicho zenyewe. Canon R10 na lenzi ya RF 100-400mm, ambayo ina gramu 635 tu, ni seti ninayoiheshimu mno kwa kazi ya ndege. Lakini seti hiyo ikiwa mpya itameza akiba yako yote kabla hujafika kwenye lenzi ya mandhari na tripodi. Kuna na suala la umeme: betri ya D7200 imepimwa kwa kiwango cha viwandani kuwa inapiga picha 1,110 kwa chaji moja, wakati zisizo na kioo za daraja hilo hupimwa kwa mamia machache. Kwa anayelala kambini Mkomazi, hilo si dogo. Ukitaka kwa lazima isiyo na kioo ya mtumba, angalia lugha ya menyu kabla ya kulipa: Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina Kijapani pekee, na hakuna namna ya kubadili.

Twende kwenye lenzi, maana huko ndiko pesa inakofanya kazi. 16-85 kwenye kihisi cha D7200 inaanzia upana sawa na mm 24 za fulufremu. Lenzi za kawaida zinazouzwa na bodi huanzia 18, na hizo milimita mbili zinaonekana kabisa ukiwa umesimama ukingoni mwa jabali, huna pa kurudi nyuma. Ukiikosa, 18-140 VR inafaa, ila utajikuta mara nyingi unaunganisha picha mbili tatu kupata upana. Lenzi pana zaidi ya hapo, ya 10-20, isubiri. Anayeanza akiishika, mlima unakuwa kichuguu kwa mbali na nusu ya picha inakuwa majani ya miguuni.

Kwa 70-300 kuna mtego. Nikon wametengeneza lenzi kadhaa zenye namba hizo, na dukani zote huitwa "sabini mia tatu". Unayoitaka imeandikwa AF-S na VR (kitulizo cha mtikisiko), f/4.5-5.6 (namba za upana wa tundu la lenzi; namba ikikua tundu linapungua), na mdomo wake wa filta ni mm 67. Ile ya bei ya kutupwa, AF 70-300 f/4-5.6G, haina kitulizo cha mtikisiko na ikifika 300 inafifia. AF-P ni nzuri lakini ilitengenezewa bodi mpya zaidi. Kwenye D7200 inataka programu ya kamera isasishwe, na ile ya DX (ya kihisi kidogo) haina hata swichi ya kuzima VR. Soma maandishi yaliyo kwenye lenzi yenyewe, usisome tangazo. Faida nyingine ya seti hii: 16-85, 18-140 na hiyo 70-300 VR zote ni mm 67, kwa hiyo filta moja ya polaraiza inahudumia zote. Na kwa misitu ya Usambara polaraiza si pambo. Majani mabichi yenye unyevu yanaakisi anga na kutoa weupe unaoua rangi. Zungusha filta taratibu huku ukichungulia, utaona kijani kinajitokeza. Itakula mwanga mara mbili hadi nne, kitu ambacho pale Soni ni heri: ukiwa kwenye kivuli, f/11, ISO 100, unajikuta kwenye robo hadi nusu sekunde, na maji yanalainika yenyewe bila filta nyeusi ya ziada.

Na ndege? Hapa nikwambie ukweli mapema ili usije ukalaumu lenzi. Chukua chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, mwenye sentimita 10, aliye mita 8 kutoka kwako. Kwa mm 300, umbo lake juu ya kihisi litakuwa milimita 3.75, chini ya moja ya sita ya upana wa picha. Kwa lenzi ya mm 500 angekuwa milimita 6.25. Lakini ukimsogelea akawa mita 5, kwa ile ile 300 anafika milimita 6. Yaani mita tatu za kusogea zinakupa karibu kila kitu ambacho lenzi ya kilo 2 na ushee ingekupa. Kaa karibu na mti uliochanua, mapema, umevaa nguo isiyong'aa, tulia. Ndege hao hurudi kwenye maua yale yale. Ndani ya Magamba penye miti mirefu tatizo ni mwanga: kwa f/5.6 na 1/250 utajikuta ISO 3200 au zaidi hata saa nne asubuhi. Piga pembezoni mwa msitu na kwenye uwazi wa njia, ndani umwachie mwenye lenzi ya mamilioni.

Pesa ningeigawa hivi, na hizi ni dari, usizivuke, wala si bei za sokoni: bodi isizidi milioni 1.2, lenzi mbili zisizidi milioni 1.0 kwa pamoja, tripodi 350,000, filta, kadi mbili, betri ya akiba na boksi la kuhifadhia 350,000. Inabaki laki sita. Ziache. Bodi ya mtumba inaweza kudai usafi wa kihisi au mpira mpya, na nauli ya kwenda Mkomazi haijilipi.

Tripodi ndipo wanaoanza wanapobana pesa, na ndipo picha zao zinapoharibikia. D7200 na 16-85 pamoja ni kama kilo 1.25, ukifunga 70-300 unafika kilo moja na nusu. Vile vistendi vya simu vya plastiki vinaushika uzito huo, lakini upepo wa Irente unavitikisa na hutaliona hilo hadi ukuze picha nyumbani. Tafuta yenye uzito wa kilo 1.5 hadi 2, inayofika usawa wa macho yako bila kuinua nguzo ya katikati, kwa sababu nguzo ikishainuliwa umebaki na mguu mmoja. Dukani ifungue yote, bonyeza kichwani kwa viganja viwili kisha kizungushe kidogo kulia na kushoto. Ikinesa kama kitanda kibovu, irudishe. Ukiwa kwenye gari Mkomazi tripodi haina kazi: shona mfuko wa turubai, ujaze mchele au maharage, uulaze kwenye dirisha na lenzi juu yake. Mwombe dereva azime injini. Akishindwa, hiyo 70-300 ina swichi ya VR yenye nafasi ya "Active" kwa ajili ya gari linalotetemeka.

Sasa kununua chenyewe, ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Nenda na kadi yako ya SD, kompyuta ndogo na tochi, na uende mchana.

Anza na idadi ya mibofyo. Piga picha moja ya JPEG kwenye kadi yako, uifungue kwa programu ya bure ya ExifTool, utafute mstari wa ShutterCount. Shata ya D7200 imejaribiwa na kiwanda kwa mibofyo 150,000. Chini ya 50,000 ni nzuri, zaidi ya 100,000 bei ishuke sana. Kwa Canon nyingi namba hiyo haimo kwenye picha, kwa hiyo usimkubalie anayesema "nimecheki". Kumbuka pia kwamba saa za video hazihesabiwi humo. Bodi yenye mibofyo michache lakini mpira umeng'aa, maandishi ya vitufe yamefutika na kibati cha juu cha kufungia flashi kimechubuka, imefanya kazi ya ukumbini kwa miaka. Mpira wa sehemu ya kidole gumba kwenye Nikon hizi huachia. Ukiwa umeachia tu si kasoro kubwa, punguzia bei.

Kisha kihisi: weka f/22, geuza fokasi kwa mkono hadi picha iwe ukungu, piga anga au ukuta mweupe. Madoa meusi yanayobaki sehemu ile ile kila picha ni vumbi. Likiwa kavu linapulizwa, likiwa na mafuta linahitaji fundi. Baada ya hapo bandika ukurasa wa gazeti ukutani, simama umelenga katikati, piga kwa f/5.6 na ukuze kona zote nne. Kona zote zikififia kwa kiasi kilekile, ndivyo lenzi ilivyo. Kona moja tu ikififia wakati ile ya mkabala wake imekaza, vioo vya ndani vimehama, pengine lenzi ilishaanguka. Hiyo usiichukue hata kwa nusu bei, kwa sababu picha ya mandhari inasomwa hadi pembezoni.

Fangasi unautafuta kwa tochi. Vua lenzi, fungua tundu lake hadi mwisho, pitisha mwanga kutoka nyuma kwa pembe huku ukitazama mbele. Vumbi ni nukta. Fangasi ni nyuzi nyembamba zenye matawi kama utando, mara nyingi zikianzia ukingoni mwa kioo. Lenzi nyingi zinazouzwa Dar, Tanga na Zanzibar zimekaa miaka kwenye joto na unyevu wa pwani, na fangasi ukishakula ule upako wa kioo, kuusafisha kunaondoa nyuzi na kuacha makovu. Jaribu na VR: nenda 300, bonyeza kitufe nusu, picha kwenye kijidirisha cha kuchungulia inapaswa kutulia ghafla. Ikirukaruka, kitulizo kimekufa. Mwisho vua betri uifunge tena, weka kadi kwenye nafasi zote mbili, piga kwenye kila moja. Muuzaji anayekataa majaribio haya ya nusu saa, muage kwa heshima.

Kadi za memori feki ni nyingi kuliko kamera feki. Inaandika GB 128 kumbe ndani ni 16, na picha za ziada zinapotea bila onyo. Nunua za GB 64, na kabla ya kuzitumia zijaze zote kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Zitaandika na kusoma kila sehemu na kukuambia ukubwa halisi. D7200 inakubali kadi mbili, kwa hiyo ya pili iweke iwe nakala.

Asubuhi ya kwanza weka hivi: RAW, hali ya A (wewe unachagua tundu, kamera inachagua muda), f/8, ISO 100, VR imezimwa kwa sababu upo kwenye tripodi, na ucheleweshaji wa shata wa sekunde 3 uliomo kwenye menyu ili kioo kikishainuka mtetemo utulie kwanza. Usikimbilie f/22 ukidhani unapata ukali zaidi. Kwenye kihisi cha ukubwa huu, kupita f/11 mwanga unaanza kujisambaza pembezoni mwa tundu na picha nzima inalegea. Kwa mm 16 na f/8, ukifokasi kwenye kitu kilicho mita 2 mbele yako, kuanzia kama sentimita 90 hadi upeo wa macho vitakuwa vimekaza vya kutosha. Kama mbele hakuna kitu cha karibu, fokasi kwenye mlima wenyewe. Piga, angalia grafu ya mwanga. Ikigota ukuta wa kulia anga imeungua, punguza. Kwa sisi tulio karibu na ikweta jua hupanda wima na haraka, kwa hiyo uwe umeshasimamisha tripodi kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Kufika saa mbili na nusu vivuli vimekuwa vikali. Huko chini Mkomazi, baada ya saa nne joto linapanda kutoka ardhini na choroa aliye mita 200 anaonekana kama yuko ndani ya maji. Hilo halirekebishwi na lenzi yoyote. RAW zako zifungulie darktable au RawTherapee, zote ni bure.

Jambo ambalo kwa mtu wa Lushoto lina uzito kuliko kwa wa Dodoma: uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na Mombo huko chini ni joto. Ukishuka asubuhi na kamera yenye baridi ukaifungua stendi, hewa ya joto yenye unyevu inageuka matone juu ya kioo na pengine ndani ya lenzi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado juu, usiufungue hadi kamera ipate joto la nje, kama saa moja hivi; matone yatakaa juu ya plastiki. Nyumbani usiihifadhi kwenye begi lake, sponji na kitambaa hushika unyevu wa ukungu wa kule. Nunua boksi la plastiki la chakula lenye mpira kwenye mfuniko, weka ndani silika jeli ya gramu 200 hivi ya aina inayobadilika rangi, na kipimo kidogo cha unyevu kama utakipata. Lenga asilimia 40 hadi 50. Punje zikibadilika rangi, zikaushe kwenye kikaango kwa moto mdogo hadi zirudi rangi yake, na zipoe kabisa kabla ya kuzirudisha kwenye boksi.